Makopo Mawili

 

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mzee mmoja wa Same. Anaishi kule tambarare, upande wa magharibi wa milima ya Upare, na kwa jinsi alivyoandika nilimwona kabisa, miwani puani, anabonyeza herufi moja moja. Aliandika hivi: “Mwanangu, tangu tukiwa shule ya msingi tunaambiwa miti huleta mvua. Nimepanda miti mia mbili na kidogo. Mwaka wa saba huu. Miti imekua, inapita paa la nyumba. Mvua iko wapi?”

Nikamjibu: shikamoo mzee wangu, nipe muda. Muda wenyewe ndio huu.

Miti huleta mvua. Nani kati yetu hakuandika sentensi hiyo kwenye daftari? Mimi niliiandika, tena nikapewa alama ya vyema. Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tulipangwa mistari, kila mtoto na mche wake kwenye kifuko cha nailoni. Mgeni rasmi anapigwa picha ameinama na jembe, tunapiga makofi, tunarudi darasani, na kufikia Juni mbuzi wamemaliza shughuli. Hatukuambiwa mti unailetaje mvua. Tuliambiwa unaleta, basi. Na jambo ukilipokea namna hiyo, siku likikataa huna pa kuanzia kuuliza. Unabaki kama huyu mzee wangu, miti mirefu na pipa tupu.

Tuanze baharini, maana mvua yetu huanzia huko. Manahodha wa pwani wanaijua ratiba kuliko sisi wa bara: kaskazi inavuma, inachoka, kusi inaingia, na katika kupokezana huko ndipo masika hunyesha, Machi mpaka Mei. Mwisho wa mwaka upepo ukigeuka tena, tunapata vuli, Oktoba mpaka Desemba. Jua la utosi linahama kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi, mkanda wa mawingu unalifuata, na maji mengi yaliyomo humo yameinuka kutoka Bahari ya Hindi. Upepo huo wenye maji ukifika Usambara na Upare unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga upande ule unaotazama bahari. Ukivuka kileleni na kushuka upande wa pili, umeshatua mzigo. Same mjini wanapata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ni makombo, mzee wangu. Mezani pameliwa upande wa pili wa mlima.

Kwa hiyo miti mia mbili ya Same haiwezi kuita wingu kutoka baharini. Hata elfu mbili haiwezi. Hilo nilitaka nilitoe mapema, kwa sababu ninaona si haki kumwahidi mkulima mvua, apande, asubiri miaka saba, halafu aambiwe hakupanda ya kutosha.

Lakini sentensi ya daftarini haikutungwa na wajinga. Kuna mahali ni kweli tupu. Miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazili aitwaye Eneas Salati alipima maji ya mvua ya Amazon, akaona kwamba karibu nusu ya mvua inayonyesha kwenye bonde lile ilishawahi kunyesha humo humo. Bahari inaleta maji mara ya kwanza. Msitu unayanywa, unayatoa kwa majani, yanakuwa mawingu, upepo unayasukuma mbele, yananyesha tena, msitu unayanywa tena. Msitu wa Kongo nao hufanya kazi hiyo, na upepo ukivuma kutoka magharibi, majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Uganda, na sisi pia, tunaonja maji yaliyopitia kwenye majani ya Kongo. Huo ni msitu wa kujaza nchi. Ukiukata, unakata mvua ya watu wasiowahi hata kuuona.

Sasa, kati ya shamba la mzee wangu na Amazon, kuna kitu cha katikati. Hicho ndicho ninachokijua kwa mikono yangu, na ndicho kilichonifanya nikubali kulizungumzia suala hili jioni hii.

Kabla redio haijanipokea nilikuwa mpagazi mlimani Kilimanjaro, misimu miwili. Wagumu, ndivyo tunavyojiita. Siku ya kwanza ya njia ya Machame unapanda ndani ya msitu, na jioni unalala kambini, kwenye mita kama 2,800, pale ambapo miti mikubwa inaisha na inaanza ile ya erika yenye majani kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Mchana wote mteremko umepigwa jua, hewa imepanda na mlima, na kufikia saa nane wingu linakaa hapo kambini kama limeitwa. Hainyeshi. Ni ukungu tu, mzito, unaupumua.

Siku moja nilikuwa na makopo mawili matupu ya maziwa ya unga. Moja nikaliweka mahali pa wazi, hatua chache kutoka kwenye hema la jiko. Jingine nikaliweka chini ya erika moja yenye ndevu nyingi. Mpishi aliniuliza kama mlima umeshanipanda kichwani. Saa kumi na mbili jioni nikaenda kuyaangalia. Kopo la wazini lilikuwa limelowa kuta, ungesema limetoka kuoshwa. Kopo la chini ya mti lilikuwa na maji ya vidole viwili.

Vidole viwili, na siku ile haikunyesha! Kipima mvua chochote kilichowekwa wazini, kama sheria inavyotaka kiwekwe, kisingeandika kitu. Maji yale yalikuwa yanapita hewani, yanakwenda zake; mti ukayachana kama kitana, matone yakashikamana kwenye ndevu, yakawa mazito, yakadondoka. Ondoa mti, ukungu utapita vile vile kila siku saa nane, na ardhi itabaki na kiu huku imezungukwa na maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mti wa mlimani hauleti mvua kwa maana ya daftarini. Unakamata maji ambayo yasingetua. Kisha kazi yake ya pili: mvua kubwa ikija, na mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye kiini cha msitu, ule udongo wenye majani yaliyooza unameza maji na kuyaachia polepole, mpaka Agosti, mpaka Septemba, wakati huku chini kila kitu kimekauka. Mifongo ya Wachaga, mifereji ile waliyoichimba mababu na kuipitisha makorongoni hadi vihambani, mashamba yao ya nyumbani, inategemea uvivu huo wa msitu katika kutoa maji. Ukifuata mfongo kwenda juu hufiki kwenye barafu. Unafika msituni.

Na kwa kuwa nimetaja barafu, itabidi tuizungumze, maana bila hivyo nitapigiwa simu.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima ukiwa na kitu cheupe juu. Kiongozi wake hakuwa na jina la theluji. Alimwambia ni baridi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji chini ya ikweta, na msomi mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, akamwona mwongo. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, katika safari ambayo tunamkumbuka pia kijana wa Marangu, Yohani Lauwo. Meyer alirudi tena mwaka 1898, akakuta barafu imerudi nyuma kwa namna iliyomshtua. Zingatia mwaka huo, msikilizaji. 1898. Kilimanjaro hapakuwa na gari, hapakuwa na msumeno wa injini.

Wanaosoma historia ya hali ya hewa wanasema kuwa kuanzia miaka ya 1880 Afrika Mashariki iliingia kipindi cha ukavu. Maziwa makubwa yalishuka. Na barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, ina tabia yake: kule juu ni baridi mno, kwa sehemu kubwa barafu haiyeyuki ikamwagika. Inaanikwa, kama dagaa kwenye kichanja. Jua kali na hewa kavu vinaichukua moja kwa moja kuwa mvuke. Theluji mpya ikianguka inakuwa nyeupe, inarudisha jua lilikotoka. Theluji ikikosekana, barafu kuukuu yenye vumbi inabaki uchi na inalinywa jua lote. Kwa hiyo njaa ya theluji ndiyo iliyoanza kuimaliza. Mwaka 1912 ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki kilomita za mraba 1.76.

Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson wa Marekani ilisema barafu hiyo ingeisha kati ya 2015 na 2020. Tarehe zimepita na vipande bado vipo, ingawa vinazidi kukonda. Simcheki mtu; mimi mwenyewe nimetabiri mechi na kukosa. Ninalosema ni kwamba tarehe ilipopita, nilisikia watu wazima baa wakisema, mmeona, hadithi za wazungu, hakuna kinachobadilika. Ndiyo hasara ya kutaja tarehe kwa jambo ambalo lina njia nyingi za kufika.

Kwa miaka mingi mshtakiwa wa barafu alikuwa Mchaga wa kihambani na shoka lake. Mtakumbuka hotuba: wananchi wanakata miti, ndiyo maana theluji inaisha. Mwaka 2012 Thomas Mölg na wenzake walilipima suala hilo kwa kompyuta, wakaweka mlima wenye msitu wa zamani na mlima wenye msitu wa sasa, wakalinganisha. Wakakuta kuwa ukataji wa misitu ya mteremkoni umechangia sehemu ndogo tu ya upotevu wa barafu. Mshtakiwa aachiwe, basi, kwa kosa hilo. Hewa inayofika kileleni inatawaliwa na mambo makubwa zaidi, na bahari ndiyo kubwa kuliko yote.

Kwa kosa hilo, nimesema. Kuna jingine, na hili linagusa jiko lako.

Mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu mlima huu. Tangu mwaka 1976, ilisema, Kilimanjaro imepoteza kama hekta 13,000 za msitu, na upotevu huo unanyima mlima maji yanayotosha watu milioni 1 kunywa kwa mwaka mzima. Rudi kwenye makopo yangu mawili. Zidisha lile la chini ya mti kwa hekta 13,000. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Andreas Hemp, aliyeukanyaga mlima huu miaka na miaka, alishaandika mwaka 2005 kwamba kuisha kwa barafu ni jambo dogo ukilinganisha na msitu wa juu unaoungua. Barafu inapigwa picha. Erika yenye ndevu haimo kwenye kalenda ya mtu yeyote.

Na msitu huo unaungua kwa nini? Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo panapojibu lile swali la siku zote: kosa ni la dunia kupata joto au ni letu sisi na ardhi yetu?

Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo linaloitwa Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Uliwaka siku nyingi. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji, wengi wao wakiwa na matawi mabichi ya kupigia miali. Karibu kilomita za mraba 95 ziliungua. Moto wa mlimani huanzishwa na mtu karibu kila mara: mrina asali aliyesahau mwenge wake, mtu wa kupasha chakula, kipande cha sigara. Hiyo ni sehemu yetu, hatuwezi kumpelekea bili mtu wa Ulaya. Lakini cheche ile ile miaka 100 iliyopita pengine ingeangukia kwenye majani mabichi na kufa. Siku hizi inaangukia kwenye erika iliyokaushwa na miezi mirefu isiyo na mvua na hewa yenye joto zaidi, na erika ina mafuta. Ikikauka huwaka kama imemwagiwa mafuta ya taa. Msitu ukishaungua zinaota nyasi na vichaka vifupi, ambavyo havichani ukungu, vinavyokauka upesi, vinavyosubiri cheche nyingine. Mkono wa mbali unakausha kuni, mkono wa karibu unawasha kiberiti. Ukitaka kugawa lawama sawasawa kati ya mikono hiyo, jaribu. Mimi nimeshindwa.

Ule mkono wa mbali nautaja kwa tarakimu kidogo halafu tuuache. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, karibu 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 juu ya wakati ule wa kabla ya viwanda. Sehemu kubwa inatokana na makaa, mafuta na gesi, na Afrika nzima imechangia kidogo mno. Ila ardhi nayo imo: karibu moja ya kumi ya hewa ukaa ambayo watu wanaitoa sasa inatokana na kukata na kuchoma misitu na kugeuza ardhi. Kwa hiyo mti ukichomwa unaumiza mara mbili. Hapa kijijini umeondoa kivuli na kitana cha ukungu. Huko angani umeongeza blanketi.

Hilo neno blanketi nimelichagua, maana blanketi ni kitu cha usiku. Waulize wakulima wa kahawa. Mwaka 2015 mtafiti Alessandro Craparo na wenzake walichapisha matokeo ya kuangalia kahawa ya arabika ya Tanzania kwa miongo kadhaa, wakaona inayoiumiza zaidi ni kuongezeka kwa joto la usiku. Kila nyuzi moja ya joto la usiku ikipanda, mkulima anapoteza kama kilo 137 kwa hekta. Arabika inataka kulala baridi. Bibi yangu, ambaye hakusoma karatasi ya mtu yeyote, aliacha kufunika miguu kwa shuka la pili mwezi wa Septemba, akasema, “usiku wa siku hizi haufungwi.” Nilidhani ni uzee.

Kihamba chake kilikuwa ekari moja na nusu, na kukielezea kwa mtu asiyekifahamu ni kumweleza nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na mfongo unapita pembeni ukizungumza peke yake. Ukitoka barabarani saa saba mchana ukaingia humo, ulisikia ngozi ikishtuka. Sababu ni ile ya mtungi wa udongo. Maji ya mtungi hubaki baridi kwa kuwa mtungi unatoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Majani hufanya hivyo hivyo. Jua likipiga shamba lenye majani, sehemu kubwa ya nguvu yake inatumika kukausha jasho hilo. Likipiga ardhi tupu au bati au lami, halina kazi ya kufanya ila kuchoma.

Leo kihamba kile kina nyumba nne za bati, za wajomba na watoto wao. Bei ya kahawa ilipoanguka miti ya kivuli ilipasuliwa mbao. Siwalaumu, ada za shule hazilipwi kwa kivuli. Lakini joto wanalolalamikia wajomba zangu limetoka mahali pawili, na mahali pamoja ni juu ya paa lao.

Kuna hata walioona kwamba tambarare ikivuliwa nguo, mlima unalipa. Huko Monteverde, Costa Rica, mwaka 2001 Robert Lawton na wenzake walionyesha kwamba misitu ya nchi ya chini ilipokatwa, hewa iliyopanda mlimani ilikuwa na joto zaidi na ukavu zaidi, kwa hiyo mawingu yakaanza kujengeka juu zaidi kuliko zamani. Msitu wa juu ukabaki unalitazama wingu likipita juu ya kichwa chake. Nikiwa Moshi mchana wa Februari, nikitazama wingu lilivyokaa Kilimanjaro, siku hizi huwa nauliza: limekaa palepale?

Mzee wangu wa Same atasema, mbona tunapata mafuriko basi, kama ni ukavu? Hilo nalo si geni kwenye hesabu. Hewa ikipata joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Inabeba zaidi, inamwaga kwa kishindo. Halafu kuna bahari yetu: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli yetu hufura. Ilitokea 2019. Ilitokea tena 2023 ikiwa pamoja na Elinino, na kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilikadiria kwamba joto la dunia lilizidisha ukali wa mvua zile hata kufikia mara mbili. Lakini masika, mvua ya mkulima hasa, ilipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980, wakati kompyuta za wataalamu zilikuwa zinasema itaongezeka. Wenyewe wanaliita jambo hili kitendawili cha Afrika Mashariki. Nilifurahi kusikia hivyo. Tega, tumekupa mji, na bado hawajamaliza kutegua.

Sasa mvua ya namna hiyo, ya kishindo, ikiangukia msituni inamezwa. Ikiangukia kwenye mteremko uliolimwa mpaka ukingo wa korongo inashuka na udongo, inafika Same saa mbili usiku kama treni, asubuhi imeshapita. Milimita ni zile zile kwenye daftari la kituo cha hali ya hewa. Kwenye pipa hakuna kitu.

Kabla ya jioni hii nilishamwandikia hivyo mzee wangu, kwa kifupi. Nikamwambia maji yake hayako juu ya miti yake mia mbili, yako nyuma ya mgongo wake, kwenye msitu wa Chome huko Shengena, ambao unachana ukungu kama ule wa erika yangu na kuupeleka kwenye vijito. Wapare walijua, ndiyo maana mababu zao walichimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mchana, kwa zamu, na aliyeiba zamu alitozwa faini. Msitu ule ukiungua, ndiva zitakusanya umande.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akapiga simu, hakuandika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa.

“Kwa hiyo miti yangu haina kazi.”

“Sikusema hivyo, mzee.”

“Umesema haileti mvua.”

“Haileti. Lakini hebu nikuulize. Sasa hivi ni saa saba na nusu. Nenda uangalie chini yake pakoje, halafu unipigie.”

Akakata. Nikapika chai, nikainywa. Ilipita kama robo saa, simu ikaita.

“Nimefika,” akasema, anahema kidogo. “Kuna mbuzi.”

“Wangapi?”

“Wote. Wangu na wa jirani. Wamelala.”